Homa ya Jumatano

Katika treni ya kwenda Usoke, mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, Silasi wa kidato cha tatu alikaa mkabala na mganga mwenye daftari kubwa mapajani. Hakukusudia kusikiliza, masikio yake ndiyo yaliyokosa adabu.

"Nachunguza magonjwa yanayoongoza katika zahanati yetu," mganga alimwambia mama aliyempakata mtoto. "Homa ndiyo ya kwanza, mama. Tena hupanda Jumatano, pale shule ya bweni. Wiki iliyopita vijana thelathini!"

Jumatano ilikuwa siku ya kupalilia shamba la shule. Silasi ndiye aliyevumbua, kwa manufaa ya taifa, ile mbinu ya kunywa uji wa moto kabla ya kuwekewa kipimajoto mdomoni.

"Basi ndiyo maana niliambiwa klorokwini imekwisha, wanafunzi wanaugua," mama alisema. "Huyu alishikwa na degedege."

"Pole sana. Sasa anaendeleaje?"

"Anapumua, tunashukuru. Ila vijana wa watu, walipona?"

"Alhamisi wote walicheza mpira."

"Mungu mkubwa! Niliwaombea."

Silasi alikumbuka vidonge vichungu alivyovitupa chooni. Akafunika nembo ya shule kwa kiganja. Treni ilipoanza kufunga breki Usoke, mama aliinuka, akamtazama usoni.

"Mbona unatoka jasho hivyo, baba? Bwana mganga, hebu mpime huyu."

Mganga akatoa kipimajoto. Silasi, safari hii bila hata tone la uji, akafumbua mdomo.