Mzee Severini, Aliyetoa Paa Akamponya Mbwa
Na Yuliana Gabrieli, Kidato cha Tatu

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, na mpishi mkuu wa sekondari yetu ya hapa Mafiga, Mzee Severini, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja jikoni. Kamati ya kuaga imenipa ukurasa mmoja wa ratiba, nami nimeapa kusema yote, hata yale ambayo Mkuu wa Shule aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Mzee Severini alishuka kutoka Matombo akiwa kijana mwenye sufuria moja na maneno mengi. Ugali wake umewalea mahakimu, mapadri, masheikh na kinyozi mmoja anayetunyoa kwa bei ya huruma. Maharage yake yana mawe machache, ambayo yeye huyaita madini. Ukilalamika, hukujibu: "Kwani kwenu mnakula keki, mjukuu wangu?" Kisha hukuongezea mchuzi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulala njaa kwenye zamu yake. Mkuu wa Shule aliomba niandike kwamba ameinua lishe. Nimeandika.

Huwezi kumweleza Mzee Severini ukamwacha Mtajiju, mbwa wake wa rangi ya chai ya maziwa. Jina hilo lilikuwa ujumbe kwa majirani waliomcheka alipomwokota mtaroni. Mtajiju ni mlinzi wa stoo, ingawa mwizi wa mchele alipokuja alimpokea kwa kumlamba mikono.

Mwezi Oktoba kamati ilikuwa imekamilisha michango ya mabati kwa ajili ya nyumba mpya ya Mzee kule Matombo, ambayo ilikuwa na kuta, milango, na juu mbingu tupu. Mwezi huohuo Mtajiju alimeza gunzi zima la hindi. Aliyelitupa hajajitokeza hadi leo, na namsihi aendelee kujificha. Mbwa alitapika, tumbo likawa gumu kama ngoma, akakataa hata nyama. Mzee alimfunika kwa gunia la mchele, akampakia kwenye bajaji, akampeleka hospitali ya wanyama. Daktari alisema gunzi limeziba utumbo: apasuliwe siku hiyo, ama sivyo wakachimbe shimo. Gharama yake ilikuwa karibu fedha yote ya mabati.

Mzee Severini aliingia ofisi ya walimu na aproni yake, akaomba apewe mchango wake mapema. Mtunza hazina, Mwalimu Mwajuma, aliruka kitini.

"Mzee, tumechanga kuezeka mtu, si kushona mbwa!"

"Bila bati nitalowa, Mwalimu. Bila Mtajiju nitalowa peke yangu."

Mwalimu Mwajuma hajawahi kumgusa mbwa na hana mpango huo. Hata hivyo alifungua pochi. "Chukua. Simgusi, lakini asife."

Hakufa. Gunzi lilitoka, na Mzee akarudi nalo ndani ya chupa, akaliweka rafu moja na chumvi mpaka Bwana Afya alipolikuta.

Kupona nako kuna bei yake. Palihitajika sindano, vidonge na dawa ya kusafishia kidonda. Shingoni alivalishwa ndoo iliyokatwa kitako ili asitafune nyuzi. Sisi tulikunywa uji wa maji huku tukimtazama mgonjwa akinywa wa maziwa. Hatukununa, isipokuwa mwenzetu Hamza.

Hapo ndipo alipojitokeza Mwalimu Rehani wa Hisabati. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wa Waluguru, kabila la Mzee. Msibani mtani humwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke na kutoa chochote. Mwalimu Rehani hakungoja msiba. Alijifunga kamba shingoni, akalala kifudifudi mlangoni pa ofisi, akabweka: "Nyie Waluguru, mgonjwa wenu nakata roho! Asiye na huruma aniruke!" Aliyempa sarafu aling'atwa suruali, aliyempa noti alitikisiwa kiuno. Mkuu wa Shule alilipa mara mbili, kuingia na kutoka. Kufikia saa ya chakula cha mchana, dawa zote zilikuwa zimepata mlipaji.

Leo Mtajiju amekaa safu ya mbele, tumbo lina mshono kama mpira wa zamani. Lakini nyumba ya Matombo bado haina paa, vuli imeanza, na Uluguru haujui kunyesha kidogo. Wanafunzi tumeanza mchango mwingine. Mwalimu Mwajuma alituapia kuwa safari hii hakuna mnyama atakayeugusa, kisha akawa wa kwanza kutoa. Shida ni Mzee mwenyewe. Tukimuuliza nyumba inataka nini, anatupa matandu ya wali ili midomo iwe na kazi.

Basi, Mzee wetu, shikamoo na asante kwa kila sahani, mawe yakiwemo. Mungu akupe miaka mingi ya kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine, na Mtajiju akukalie miguuni akiwa mzima. Likizo tunapanda Matombo. Nyundo tunazo, na Mwalimu Rehani amekubali kushika ngazi bila kubweka. Hatutaki matandu leo. Tujibu hapahapa ukumbini, kabla pilau haijapakuliwa: nyumba yako inahitaji mabati mangapi?