Nikodemo Matonya, Mwalimu Aliyefaa Kupita Kiasi

Kaka yetu mpendwa, Mwalimu Nikodemo Matonya, alizaliwa Bahi mwaka 1883. Alichunga ng'ombe wa baba hadi alipokimbilia shule ya misheni Mpwapwa, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1897. Alikuwa na tabia ya kutusahihisha hata tukiwa tunakula, na hakuna aliyethubutu kumkasirikia.

Mwaka 1903 aliajiriwa hapa Kibakwe, katika chuo cha walimu, kama mwalimu msaidizi. Mwaka uleule alimwoa Raheli, wakajaliwa binti, Tereza.

Bwana Mkuu wa chuo aliahidi kwamba msaidizi ambaye darasa lake litashinda siku ya ukaguzi atapelekwa pwani kusomea ualimu kamili. Marehemu aliitamani safari hiyo mno. Lakini ukaguzi ulipangwa kufanyika mara tu vijana watakapotoka jandoni, wakati watakuwa wamesahau kila kitu. Basi kaka aliomba ruhusa kwa wazee, akabeba ubao hadi kambi ya jando, akawafundisha vijana wakiuguza vidonda. Darasa lake likajibu kila swali. La msaidizi mwenzake, Yoramu, halikujibu hata moja. Akapelekwa Yoramu.

"Wewe ni ng'ombe wa maziwa, Matonya," Bwana Mkuu alimwambia. "Nani humtoa ng'ombe wa maziwa zizini? Yoramu hapa hana faida."

Yoramu alirudi akawa msimamizi wake. Kila mwaka marehemu alizidisha bidii, na kila mwaka akapelekwa mwingine. Tulimsihi, "Kaka, legea kidogo." Akatujibu, "Nikilegea watasema Wagogo ni wavivu." Tulikasirika, naye akarudi kambini na ubao wake.

Agosti mwaka huu alishikwa na kichomi. Raheli alimwambia, "Baba Tereza, lala." Hakulala. Siku ya ukaguzi alisimama akiegemea ukuta, akikohoa damu, na darasa likashinda. Bwana Mkuu alicheka mbele ya wote: "Hata akiwa mgonjwa anawashinda wazima! Huyu tukimwachia tutapata hasara."

Alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 23 Agosti 1913, akiwa bado mwalimu msaidizi.

Ameacha mjane, Raheli, binti, Tereza, mama yetu, Loisi, na mimi mdogo wake, Bartolomayo. Ameacha pia wanafunzi wake, ambao hamwaoni hapa kaburini. Niliwaombea ruhusa. Yoramu akasema wako darasani, na kwamba marehemu mwenyewe angetaka hivyo. Kinachoniuma ni kwamba ni kweli, angetaka.

Mungu amruhusu kupumzika, maana hapa hakuna aliyemruhusu.