Laki Tatu za Mzee Nestori

Kijiwe cha kahawa cha Josepha, nyuma ya soko la Kasulu, kina benchi moja na washauri kibao. Asubuhi hiyo Mzee Nestori alifika akiwa ameuza maharage, laki tatu mfukoni na swali moja tu: simu kubwa ainunue taslimu au aikope? Bintiye Claudine alikuwa amejifungua huko Mwanza, na kitochi cha mzee, simu ya vitufe, hakionyeshi sura ya mtu. Hamu ya kumwona huyo mjukuu ilikuwa inamnyima usingizi. Ila na shamba nalo lilikuwa linataka mbolea.

— Taslimu ni laki tatu, — alisema Nickson, mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Singida, wanamwita Hesabu. — Ya mkopo, kianzio laki moja, halafu buku, elfu moja, kila siku, mwaka mzima. Jumla laki nne na elfu sitini na tano.

— Sasa nikimaliza hela yote kwenye simu, mbolea nanunua na nini?

— Hilo si la hesabu, mzee.

Nestori alishusha pumzi. Na huyu ndiye msomi wao.

— Kopa tu, baba Claudine, — alidakia Ndayikeza wa bodaboda, ambaye kwa kelele zake wanamwita Redio. — Mimi nimekopa. Buku kwa siku utaisikia wapi?

— Wewe unaiona hela kila siku. Mimi naiona kwa msimu. Nisipolipa?

— Inajifunga. Ukilipa inafunguka.

— Na mjukuu?

— Naye anafungwa, kidogo tu.

Josepha alicheka huku akimimina. Nestori hakucheka.

— Halafu ya mkopo haifi, — Redio aliendelea. — Kampuni inailinda usiku ukiwa umelala. Ya taslimu ni yatima, nani ahangaike nayo? Yangu inajua mpaka siku ya mnada. Nikiuza mbuzi, sijafika nyumbani imeshanidai. Inanusa hela.

Mzee alimgeukia Hesabu, akitegemea atampinga Redio.

— Inawezekana, — alisema Hesabu taratibu. — Yangu huwa naivisha soksi siku ya mshahara.

Hapo uvumilivu wa Nestori ukafika mwisho. Alisimama, sauti ikampanda mpaka wauza dagaa wakageuka.

— Nimewauliza kitu kimoja! Ninazo laki tatu, hizi hapa, mfukoni. Laki tatu! Ninunue au nikope?

— Mwakeye, — mtu alisalimia nyuma yake.

Alikuwa Moses, shemeji yake wa kijijini Kagerankanda, miguu imejaa vumbi.

— Shemeji, hizo laki tatu ni za kazi gani?

Redio aligeukia bodaboda yake. Hesabu alikitazama kikombe chake.

— Nauliza kwa sababu dada yako kanituma, — Moses alisema kwa upole. — Upepo wa juzi umeondoka na bati zote. Watoto wanalala jikoni.

Nestori alibaki amesimama, hasira hana tena pa kuipeleka. Kisha akasogea, akampa shemeji yake nafasi kwenye benchi.

— Josepha, mpe kahawa, — alisema. — Nalipa mimi.