Sakafu ya Zedekiah Were

Marehemu Zedekiah Were alizaliwa Butere tarehe 4 Machi 1911, kifungua mimba wa mzee Isaiah na mama Namalwa, na miaka miwili baadaye akazaliwa Haron, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, na ambaye tangu utotoni hakuwahi kusikia kaka yake akisifiwa bila roho kumuuma.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1926, akiongoza kila mwaka, Haron akija nyuma yake na kuulizwa na walimu kwa nini hafanani naye. Mwaka 1931 walishuka garimoshi Nairobi pamoja, wote wakawa waashi, na tarehe 12 Agosti 1936 marehemu alimuoa Selpher, ambaye Haron ndiye aliyemwona kwanza, wakajaliwa watoto watano.

Mwaka 1952, akijenga Riruta kwenye ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, marehemu aligundua kwamba ukichanganywa na chokaa na nyuzi za katani zilizokatwa urefu wa kidole, hutulia, na wenye ploti wakaanza kumfuata, hata wa huku Uthiru. Haron, kwa kijicho, hakumwuliza lolote, alimchungulia tu, akaona chokaa, akaona katani, asione kwamba mchanganyiko hufunikwa kwa magunia mabichi siku tatu kabla ya kushindiliwa, basi mwaka 1955 akajenga nyumba hii tuliyomo, akajitangaza fundi, na kufikia mvua za Aprili kuku walikuwa wanataga kwenye nyufa za sakafu.

Agosti 1956 Haron alikwenda Butere kuvuna mahindi, na aliporudi alikuta sakafu imechimbwa na kushindiliwa upya, haina ufa, mkewe Milcah akamwambia kwamba shemeji alikuja na magunia yake, akafanya kazi siku kumi, akaenda zake. Marehemu hakulitaja jambo hilo kamwe, na Haron kwa miaka miwili amepokea sifa za sakafu hii kama zake.

Septemba 1958 marehemu alishikwa na kifua, akalazwa, na Haron alipokwenda kumshukuru alikuta mafundi wamezunguka kitanda wakimsifu mgonjwa, akaona wivu hata hapo, akarudi bila kumshukuru, na tarehe 9 Novemba kaka yake akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Riruta, na mafundi wenzake waliochonga jeneza, na inawaomba, kabla ya kuliinua kwa safari ya Butere, mtazame chini lilipokaa, mjue sakafu hii ni kazi ya nani.

Lala kwa amani, kaka, Haron amesema.