Mate ya Baraka

Muringo alishajuta kutaja kwamba chuoni anasomea mwani, ule ukijani unaoshika ndani ya tangi la maji. Tangu walipopanda gari Katelembo, Nthambi, mama mzee aliyeketi naye kiti cha nyuma, alimtazama kama mtu anayekula karo ya wazazi bure. "Hiyo uchafu mimi nasugua na brashi," alisema.

"Shosho, hiyo iko na kitu inazuia virusi ya malengelenge, kama hiyo iko kwa mdomo yako."

"Basi nipake sasa. Naenda Mumbuni kuona mjukuu, amezaliwa juzi."

"Bado iko kwa chupa za maabara, hatujajaribu kwa watu. Lakini tafadhali usimbusu. Hiyo virusi inaweza kuua mtoto mchanga."

"Nani anabusu? Mimi nitamtemea mate kifuani, nimbariki."

Muringo alishika kichwa. "Mate ndiyo hapana kabisa, shosho!"

"Dawa yako haiko tayari, na baraka yangu umekataza. Sasa mtoto akae hivyo tu, kama mbuzi?"

Swali hilo halikuwa limewahi kutoka kwenye mtihani wowote wa Muringo. Gari likasimama Mumbuni. Kando ya barabara, binti wa Nthambi alisubiri na mtoto ndani ya shali. Mama mzee akajifunga leso mdomoni, akafungua mlango, kisha akamkamata Muringo mkono.

"Mwana wakwa, wewe mdomo yako iko safi?"

"Iko safi, shosho."

"Basi shuka, umtemee mtoto badala yangu."