Chumba cha Mtu Mmoja

Benchi la mbele ya kinyozi halikuwa na egemeo, na labda ndiyo maana waliolikalia walizoea kuegemea maneno. Jumapili hiyo, baada ya Misa, walikuwa wanne na chupa moja ya kahawa: Kinyozi mwenyewe; Kengele, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndiye mgonga kengele wa kanisa; Mwenyekiti, kiongozi wa kikundi cha parokia cha Watetezi wa Uhai na mmiliki wa nyumba ya kupangisha mtaa wa pili; na Ushahidi, aliyesomea sheria, mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha hutoa kwanza mkono dirishani.

Kanisani, Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya waumini akasema kwamba mtoto ni mtu tangu mimba inapotungwa, si mtu mtarajiwa, na kwamba anayemfungia mlango amemfungia Kristo. Ushahidi aliipima hotuba ile neno kwa neno, akakosa pa kuitoboa. Aliiamini. Ndiyo maana alimgeukia Mwenyekiti mara Kinyozi alipomdokeza kwamba alfajiri ya siku hiyohiyo msemaji yule alikuwa amemtoa chumbani mpangaji wake, binti apigaye pasi kwa dobi, mwenye mimba kubwa na asiye na mume.

— Nasikia umetoa mtu, Mwenyekiti.

— Sikumtoa kwa chuki, wakili wangu. Nimefuata makubaliano. Tulipatana chumba ni cha mtu mmoja.

— Na alikuwa na nani?

— Si unaijua hali yake.

— Hali haihesabiwi. Nauliza mtu.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini, kwa utulivu wa aliyekwisha kujiandaa.

— Kanisa linafundisha nini? Aliye tumboni ni mtu kamili. Basi mle ndani walikuwa wawili. Siwezi kuutangaza ukweli kanisani halafu niukane nyumbani kwangu.

Kengele akaguna kwa kuridhika, kama aliyefunuliwa fumbo. Hoja ikamlewesha. Akasema kwa hesabu hiyo hata kanisani mjamzito hukalia nafasi ya watu wawili, na ingefaa asimame ili wengine wakae. Kinyozi akaona wenzake wameishia njiani: kama ni mtu, basi naye alistahili notisi yake mwenyewe, maana hakuna anayehamishwa kwa notisi ya mwenzake. Kengele akapinga kwamba notisi hupewa mwenye jina, na huyu hata ubatizo bado. Wakabishana kwa dhati kabisa iwapo notisi yaweza kusomwa kwa sauti karibu na kitovu, na kama kimya cha mtoto kihesabiwe kuwa ameridhia.

Ushahidi aliwaacha wamalize upuuzi wao, kisha akamrudia mwenye nyumba.

— Ngoja nikuelewe. Asingekuwa mtu, mama yake angebaki?

— Asingekuwa mtu, chumba kingekuwa na mmoja.

— Kwa hiyo aliyefukuzwa ni mtoto.

— Usinigeuzie maneno, bwana.

— Sigeuzi, nayapanga. Anayemwona yule kuwa ni uvimbe tu, angemwacha alale. Wewe unayekiri kwamba ni mtu ndiye uliyemtoa nje. Na sasa kuna binti huko barabarani anapiga hesabu: mimba ikitoka, chumba kinarudi. Hesabu hiyo kafundishwa na nani?

Mwenyekiti akafoka kwamba dhambi ya namna hiyo asibebeshwe yeye, aliyeongoza maandamano ya kutetea uhai kwa miguu yake mwenyewe. Ushahidi akakubali kwamba maandamano aliyaona. Akaongeza tu kwamba yalipita mbele ya nyumba yenye vyumba, yakaendelea na safari.

Hapo akafika mama mmoja wa makamo, vumbi la njiani limemjaa miguuni. Akawaamkia kwa heshima, akaomba radhi kwa kuwakatiza. Alisema yeye ni shangazi wa binti mmoja apigaye pasi kwa dobi; alipigiwa simu alfajiri, akapanda gari la kwanza. Alimwacha binti amekaa kwenye ngazi za kanisa na mizigo yake, miguu imemvimba, na yeye akaingia ofisini kwa padri kuomba msaada.

— Padri kaniambia nimtafute mwenyekiti wa Watetezi wa Uhai. Kasema ana vyumba, leo hatukosi pa kulala. Anakaa wapi, kaka zangu?

Kinyozi akaanza kusafisha kitana kilichokuwa safi. Kengele akainamia kikombe chake kama aliyeangusha kitu ndani. Mwenyekiti akakohoa.

— Huyo amesafiri, dada yangu.

Mama akashusha pumzi, akatazama upande wa kanisa, kisha akamtazama tena.

— Atarudi lini?

Ushahidi akamgeukia Mwenyekiti, msafiri aliyeketi benchini, akangoja jibu pamoja na yule mama.