Shimo Alilolianza Mjomba Kisu

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika, haya ndiyo maisha ya baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Mjomba Kisu.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1969, katika nyumba iliyo nyuma ya ghala la ngozi, akiwa kitinda mimba wa mama aliyeuza sabuni za vipande, akasoma shule ya mtaani kuanzia mwaka 1977 hadi darasa la saba, na kwa kuwa ada ya kuendelea haikupatikana, akaingia machinjioni mwaka 1986, kwanza kama mwosha sakafu, baadaye mchinjaji mwenye mkono mwepesi na mdomo usioishiwa utani.

Tarehe 3 Septemba 1994 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye husema alimkubali kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyenawa mpaka viwiko kabla ya kumsalimia, wakajaliwa watoto watatu.

Machinjioni palikuwa na mbwa waliyemwita Diwani, kwa kuwa hakukosa kufika hata siku moja na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Mkaguzi wa nyama alipoyakataa maini yenye vifuko vya maji, marehemu kwa huruma yake alimrushia Diwani, naye Diwani akamjia kumlamba mikono, ikawa hivyo miaka mingi, bila baba kujua kwamba ndani ya vifuko vile mna vijidudu vinavyokua kuwa minyoo tumboni mwa mbwa, na kwamba mayai yake hushika kwenye manyoya, yakamfikia mtu, yakamwotesha kifuko kama kile kile kwenye ini lake mwenyewe.

Tumbo lilipoanza kujaa mwaka 2021, sisi nyumbani tuliliita kitambi, wenzake wakamwuliza mimba ina miezi mingapi, naye akawajibu kwamba ni mapacha na wote wamefanana na msimamizi. Tulicheka, na sasa tunajuta. Mwezi Februari 2023 daktari alimpiga picha ya tumbo, akamweleza kuwa ni kifuko kwenye ini, ugonjwa wa nadra utokanao na mbwa waliokula maini mabovu, akampangia upasuaji mwishoni mwa Juni na kumkataza kazi nzito, na binti yake wa pili akaacha shule kidato cha pili ili amuuguze, jambo lililomuuma kuliko ubavu wake.

Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu, maini mabovu yafukiwe kwenye shimo refu, asije akaugua mwingine, lakini kila alipouliza kazini aliambiwa kesho, mjomba, kesho, mpaka tarehe 6 Juni alipotutoroka na jembe hadi machinjioni, akaanza kuchimba mwenyewe, shimo likafika magotini, kifuko cha ini kikapasuka, akaanguka. Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala sebuleni kwetu, na wenzake wa machinjioni, ambao jana, kabla ya kuja kuchimba kaburi hili, walilimalizia kwanza shimo lake.

Baba, shimo lako la maini limekuzidi kimo, na Diwani amepewa dawa. Kesho uliyoahidiwa imefika. Pumzika kwa amani.